Kivinjari Kimoja, Manahodha Wawili

Nimekuwa kimya majuma kadhaa, na sababu yake ndiyo mada ya leo. Kazini tumekuwa na ugomvi. Si ugomvi wa ngumi, ni ule wa watengenezaji programu, ambapo watu wanasimama mbele ya ubao saa mbili nzima na kila mmoja anarudi kwenye tarakilishi yake na msimamo ule ule aliokuja nao. Swali lenyewe linaonekana dogo: je, maktaba mbili tofauti za kujaribu tovuti zinaweza kutumia kivinjari kimoja, katika kikao kimoja, bila kuvurugana? Mimi nasema ndiyo. Tena nasema kwamba ukiwa na majaribio mengi ya zamani, hiyo ndiyo njia ya busara. Lakini Januari 2025 nilipata aibu kubwa kwa sababu ya jambo linalofanana na hilo, na wenzangu wamelitumia kunipinga tangu siku hiyo. Nataka kuyatenganisha mambo hayo mawili, maana yanazungumzwa kana kwamba ni kitu kimoja.

Kwa msomaji asiye wa fani hii: jaribio linalojiendesha ni programu inayojifanya mtu. Inafungua Chrome au Firefox, inaandika jina na neno la siri, inabofya vitufe, kisha inaangalia kama ukurasa umeleta kile kilichotarajiwa. Inafanya hivyo usiku mimi nikiwa nimelala, mara mamia, bila kuchoka wala kudai chai. Asubuhi unakuta orodha: haya yamefaulu, haya yameanguka. Yote yakiwa na rangi ya kijani, unatoa toleo jipya kwa watu. Kwa hiyo kijani ya uongo ni hatari kuliko nyekundu ya kweli. Tutarudi hapo.

Mfumo ninaouzungumzia ni wa chama kimoja cha akiba na mikopo ambacho sitakitaja. Wanachama wanaingia, wanaangalia salio, wanaomba mkopo, wanatoa taarifa ya akaunti. Majaribio yake yalianzishwa na jamaa aliyekuwa pale kabla yangu, naye aliyaandika kwa Watir. Nilipofika nilikuta 340. Sisi tuliokuja baadaye tukaandika yetu kwa Capybara, kwa sababu nyepesi tu kwamba ndiyo tuliyoizoea. Zote mbili ni maktaba za lugha ya Ruby. Hakuna aliyekaa chini akaamua tuwe na mbili. Ilitokea tu, kama vile nyumba ya ukoo inavyoongezwa chumba hapa na baraza pale.

Shida ilianza tulipotaka jaribio moja litumie hatua za pande zote mbili. Jamaa yule alikuwa ameandika hatua nzuri sana za kujaza fomu ya mkopo, kurasa nne zenye wadhamini na viambatisho. Sisi tulikuwa na hatua za kukagua malipo baada ya mkopo kuidhinishwa. Ukiziunganisha, Watir inafungua Chrome yake na Capybara inafungua yake. Mtumiaji anaingia upande huu, kisha anaingia tena upande ule. Mfumo wenyewe ulikuwa unaruhusu mtu kuwa ndani mahali pamoja tu, kwa hiyo kuingia mara ya pili kulimfukuza wa kwanza. Tena kila kuingia kulihitaji nambari ya siri ya mara moja, zile zinazotumwa kwa SMS, na akaunti ikiomba zaidi ya tatu ndani ya dakika kumi inafungwa. Na juu ya hayo, laptopu yangu ina RAM ya GB 4. Chrome mbili na seva ya majaribio ndani yake, hata kisogezi cha kipanya kinaanza kutembea kama kobe.

Sasa, watu wengi wakisikia maktaba mbili wanadhani ni dunia mbili zisizokutana. Si kweli, na hapa historia kidogo inasaidia. Selenium ilianza mwaka 2004 huko Chicago, kazi ya Jason Huggins alipokuwa ThoughtWorks. Jina lenyewe ni mzaha: kampuni iliyokuwa na nguvu katika zana za majaribio wakati huo iliitwa Mercury, yaani zebaki, na madini ya seleni yanasifiwa kupunguza makali ya sumu ya zebaki. Baadaye Simon Stewart akaanzisha WebDriver, miradi hiyo miwili ikaunganishwa, na Selenium 2 ikatoka mwaka 2011. Tarehe 5 Juni 2018 shirika la W3C likaipitisha WebDriver kuwa kiwango rasmi cha wavuti. Watir, ambayo utotoni mwake ilikuwa inaendesha Internet Explorer, tangu toleo lake la 6 la mwaka 2016 inakaa juu ya Selenium. Capybara nayo, ukitaka kivinjari cha kweli, kwa kawaida inapitia Selenium hiyo hiyo. Ni ndugu wa baba mmoja wanaojifanya hawajuani.

Chini kabisa mambo ni mepesi ajabu. Maktaba inatuma ombi la HTTP kwa programu ndogo iitwayo chromedriver, ikisema nifungulie kikao. Chromedriver inaamsha Chrome na kurudisha kitambulisho, mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu. Kuanzia hapo kila amri, nenda ukurasa huu, tafuta kitufe kile, bofya, inatumwa kwa anwani yenye kitambulisho hicho ndani yake. Chromedriver hajali anayetuma ni nani. Ni kama bawabu anayeangalia kadi bila kuangalia uso. Mwenye kitambulisho ndiye mwenye kivinjari.

Kwa hiyo katika Ruby, kumpa Watir kivinjari kilichofunguliwa na Capybara ni mistari miwili:

    dereva = Capybara.current_session.driver.browser
    kivinjari = Watir::Browser.new(dereva)

Basi. Mstari wa kwanza unamwomba Capybara atoe dereva wa Selenium aliye chini yake. Wa pili unamkabidhi Watir dereva huyo badala ya kumwacha aanzishe mwingine. Chrome ni moja, kuki ni zile zile, mtumiaji ameingia mara moja. Siku nilipoiona ikifanya kazi nilicheka peke yangu ofisini. Wiki nzima nilikuwa nikiandika mtambo wa kuhamisha kuki kutoka kivinjari hiki kwenda kile.

Lakini wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na chombo changu kilikwenda mrama siku ya pili tu.

Kwanza ni kufunga. Mwishoni mwa kila jaribio la zamani jamaa yule aliandika amri ya kufunga kivinjari. Ndani ya Watir, kufunga maana yake ni kumaliza kikao chote na kuzima hata chromedriver. Capybara, ambayo hudhani kivinjari ni chake na hukiacha wazi mpaka mwisho wa mbio nzima, ikaja na amri yake ikakuta hakuna mtu nyumbani. Majaribio yaliyofuata yote yakaanguka kwa ujumbe wa kukataliwa muunganisho. Ilibidi tukubaliane: aliyefungua ndiye anayefunga. Capybara ni nahodha, Watir ni baharia. Tukaondoa amri zote za kufunga upande wa Watir.

Pili ni kusubiri, na hili lilinitesa zaidi kwa sababu haliangushi kitu, linachelewesha tu. Kila maktaba ina subira yake. Watir kwa kawaida husubiri kipengele hadi sekunde 30, Capybara sekunde 2, na Selenium yenyewe haisubiri kabisa usipoiambia. Subira za Watir na Capybara zinahesabiwa ndani ya maktaba zenyewe, kwa hiyo hazigongani. Lakini kuna subira nyingine inayowekwa kwenye kikao chenyewe, na mwenzetu mmoja alikuwa ameiweka sekunde 10 katika faili la zamani ili kutuliza jaribio moja lililokuwa likiyumba. Tulipoanza kushiriki kikao, sekunde zake 10 zikawa za kila mtu. Kila mahali ambapo Capybara ilikuwa inathibitisha kwamba kitu fulani hakipo, mfano ujumbe wa kosa, ikawa inangoja sekunde 10 kamili kabla ya kuridhika. Mbio za dakika 14 zikawa karibu saa nzima. Nilitafuta kosa siku mbili. Lilikuwa mstari mmoja.

Tatu, fremu na madirisha. Kikao kinakumbuka dirisha lililopo mbele na fremu uliyomo. Capybara ikiingia ndani ya fremu ya malipo kisha ukamwita Watir, Watir hana habari kwamba chumba kimebadilika. Dawa yake ni adabu tu: usikabidhi usukani ukiwa katikati ya fremu. Hili halihitaji maelezo zaidi.

Baada ya hayo tulikaa miezi saba kwa amani. Kisha ikaja Januari.

Nieleze kosa letu bila kulipamba. Tulipoona kikao kimoja kinaweza kutumiwa na maktaba mbili, tukapata tamaa. Tukasema, kwa nini tusikitumie kwa majaribio yote? Tunaingia mara moja jioni kama mweka hazina, SMS moja tu, na usiku mzima majaribio yote yanapita humo. Tukaandika hatua ya kuingia yenye ujanja: kama juu ya ukurasa tayari kuna jina la mtu, usijisumbue, endelea. Muda ukapungua sana. Mimi ndiye niliyeiandika hatua hiyo, na nilisifiwa.

Desemba 2024 tukahamisha ukurasa wa kuingilia wanachama kwenye anwani mpya. Katika mpangilio wake, kuki ilikuwa inatolewa kwa jina la kikoa lisilolingana na anwani yenyewe. Kivinjari kikikuta kuki ya namna hiyo huikataa kimya kimya. Maana yake mwanachama anaandika neno la siri sahihi, anaweka nambari ya SMS, seva inamkubali, kisha kwenye ukurasa unaofuata seva haimtambui na kumrudisha mwanzo. Jaribio letu la mwanachama kuingia lilipofika pale likakuta jina juu ya ukurasa. Lilikuwa jina la mweka hazina, lakini hatua yangu ya ujanja haikuuliza ni jina la nani. Ikaendelea. Mweka hazina anaruhusiwa kufungua kurasa za wanachama, kwa hiyo kila kitu kikafunguka. Kijani tupu. Tukatoa toleo.

Lilikuwa juma la kufungua shule. Mkenya yeyote anajua mikopo ya karo inavyoombwa juma hilo. Saa moja na nusu asubuhi simu ikalia, na aliyepiga si mkubwa wangu, ni shangazi yangu wa Voi, ambaye ni mwanachama pale.

"Mwanangu," akasema hata kabla ya kusalimiana vizuri, "nimeandika neno la siri mara tano. Nafunguliwa, kisha narudishwa mlangoni. Ni mimi au ni nyinyi?"

"Ni sisi, shangazi. Samahani sana."

"Basi mjue shule inafunguliwa kesho."

Tulirudisha toleo la zamani kabla ya saa nne. Lakini akaunti za waliojaribu mara nyingi zilikuwa zimeshafungwa, na kuzifungua moja moja kwa simu kulichukua siku mbili. Shangazi alipata mkopo wake Jumatano. Mtoto alikwenda shule Alhamisi. Najua kuna waliochelewa zaidi, kwa sababu niliwasikiliza kwenye simu mimi mwenyewe.

Katika mkutano uliofuata, kiongozi wa timu alisema tumeadhibiwa kwa kuchanganya maktaba, na kwamba majaribio yote 340 ya Watir yaandikwe upya kwa Capybara. Kila kingine kisimame. Nikamwambia, "Madam, kwa heshima, Watir haikuhusika hata kidogo." Hakufurahi, lakini ndiyo kweli. Jaribio lililotudanganya lilikuwa la Capybara tupu, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Lingetudanganya vile vile hata kama Watir haingekuwapo duniani.

Kilichotuponza ni kushiriki kikao kati ya jaribio na jaribio. Kushiriki kikao kati ya maktaba na maktaba, ndani ya jaribio moja, ni jambo jingine kabisa. La kwanza linaharibu maana ya kujaribu, kwa sababu jaribio linaanza likiwa na mabaki ya mwenzake na hujui linathibitisha nini. La pili ni watu wawili wanaotumia jembe moja katika shamba moja, siku moja. Nimewaeleza hivyo wenzangu, na bado wapo wanaosema ni njia ya mkato. Nawauliza, njia ndefu ni ipi? Mtu makini anaweza kuandika upya majaribio kama matano kwa siku akiyakagua vizuri. 340 ni siku 68 za kazi, zaidi ya miezi mitatu ya mtu mmoja asiyefanya kingine chochote. Na katika kuandika upya huko kuna mambo yatakayopotea, maana majaribio ya zamani yana vitu vya ajabu ndani yake, kama lile linalojaza jina lenye alama ya ritifaa, na hakuna anayekumbuka ni malalamiko ya nani yaliyosababisha liandikwe. Sitaki kuyagundua tena kupitia shangazi.

Tulichofanya ni hiki. Kila jaribio sasa linaanza na kikao safi, Capybara ikifuta kuki na kila kilichohifadhiwa. Majaribio mengi hayapiti mlango wa mbele. Seva ya majaribio inawatengenezea kuki ya mtumiaji wanayemhitaji, bila SMS. Majaribio ya kuingia yenyewe, na ni tisa tu, yanapita mlango wa mbele kama mtu wa kawaida, kwa neno la siri na nambari, kila usiku. Hatua yangu ya ujanja nimeifuta. Mahali pake pana hatua inayouliza jina lililo juu ya ukurasa ni la nani, na lisipokuwa la anayetarajiwa, jaribio linaanguka hapo hapo. Mbio zinachukua dakika 22. Watir na Capybara bado ziko pamoja.

Kuna kijana mpya kwenye timu anayetaka tuhamie Playwright, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2020. Ni zana nzuri, sina neno. Yeye amesikia kwamba hata hiyo inaweza kushiriki Chrome moja na Selenium, na ni kweli, ingawa haipiti WebDriver. Unaanzisha Chrome ikiwa na mlango wa kukaguliwa kutoka nje, Selenium inajishikiza hapo kwa chromedriver, na Playwright inajishikiza kwa njia yake ya connectOverCDP. Nimelijaribu na linafanya kazi, lakini silipendi kwa kazi ya kila siku. Ni la Chrome na jamaa zake tu. Waandishi wa Playwright wenyewe wanaonya kwamba muunganisho wa namna hiyo hauna uwezo kamili wa ule wao wa kawaida. Na mlango ule hauna neno la siri: anayeufikia anasoma kila kilichomo. Google ilikuwa na sababu ilipoamua, kuanzia Chrome 136 ya mwaka 2025, kwamba mlango huo haufunguki tena kwenye wasifu wa kawaida wa mtumiaji. Ni lazima uonyeshe folda nyingine. Wezi wa kuki walikuwa wameugundua.

Playwright ina njia nyingine, ya kuhifadhi kuki katika faili na kuanzisha vivinjari vipya kwa faili hilo. Hiyo naikubali zaidi, kwa sababu kila jaribio linapata kivinjari chake. Lakini nimeshaona faili kama hilo likiwa limetupwa ndani ya hazina ya msimbo, mtu yeyote mwenye ruhusa ya kusoma anaweza kulichukua akawa mweka hazina. Ukiitumia, liweke faili hilo kwenye orodha ya yasiyohifadhiwa siku ile ile ya kwanza.

Kwa sasa tunaendelea hivi: tukigusa jaribio la Watir kwa sababu nyingine yoyote, tunalihamisha. Yasiyoguswa yanabaki. Kutoka 340 tumefika 212, bila kusimamisha kazi hata siku moja. Lile la alama ya ritifaa nimelihamisha juzi, na ndipo nilipogundua kwamba fomu yetu mpya ya wadhamini ilikuwa inakataa jina la Ng'ang'a.

Haya, narudi kazini. Nina jaribio la ripoti za mwaka lenye fremu tatu ndani ya fremu, na sijui jamaa yule aliwaza nini.